Ombi la Jumatano

Mimi nina cheti cha kusikiliza. Msicheke. Kimebandikwa kwenye ukuta wa saluni yangu hapa Makindye, Kampala, kati ya kioo na kalenda ya kanisa. Kina jina langu, Esperance, ingawa wateja huniita Mama Heritier kwa jina la mwanangu, kwa herufi za dhahabu, na chini yake kimeandikwa kwamba nimehitimu mafunzo ya siku tatu ya kuelewa hisia za wengine. Shirika moja lilitukusanya sisi Wakongo, wasusi, wauza vitenge na mafundi cherehani, likasema watu hutuambia mambo ambayo hawamwambii hata daktari, basi ni vizuri tujue namna ya kuyapokea. Mwalimu wetu aliitwa Sulaimani, mtu mpole ambaye hata ukimwuliza swali la kijinga anakushukuru kwa kuuliza.

Alitufundisha kumtazama mtu usoni, kutomkatiza, kumrudishia maneno yake ili ajue umemsikia, na kulitaja lile analolihisi. Naona umechoka. Naona unaogopa. Wenzangu wakiambiwa wasikilize, dakika moja haijaisha wanatoa mawaidha. Mimi niliweza kutulia mpaka mtu alie. Nilijivuna sana, sitawadanganya. Niliporudi saluni nikaanza kuwahesabu waliolia kwenye kiti changu kama wachuuzi wa soko la samaki la Ggaba wanavyohesabu sangara.

Siku ya tatu baada ya chakula cha mchana sikuwepo. Nilikwenda Nateete kumsuka bibi harusi. Cheti nilipewa hivyo hivyo.

Sasa Lakica. Alikuwa mteja wangu kwa miaka minne, Mwacholi mrefu, mwenye nywele nzito za kuchosha vidole, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki aliniambia zaidi ya "vuta pole pole" na "asante." Mumewe, Odyek, ni askari polisi. Waliishi kota za polisi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na binti yao Amito. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, changu cha Bukavu na chake cha kambi ya askari alikokulia, na tulielewana vya kutosha. Mtu asiyesema huwa ananikera. Nilikuwa namtazama kwenye kioo nikijiambia kwamba huyu naye ipo siku nitamfungua.

Siku ilifika, Jumatatu moja ya mvua. Alitaka rasta ndefu nyembamba, kazi ya saa tano. Tulikuwa wawili tu, kwa sababu Darlène, msusi mwenzangu, alikuwa amekwenda kununua nywele. Nimefika nusu ya kichwa, tairi la lori likapasuka huko barabarani, mlio wa kutosha kumwamsha mlevi. Mimi nikashtuka na kucheka. Lakica hakucheka. Alisema kwamba Odyek angekuwepo hapa, sasa hivi angekuwa chini ya meza.

Nikasimamisha vidole. Nikamtazama kwenye kioo nikamrudishia: chini ya meza. Halafu nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

Akanieleza. Miezi saba nyuma, gari lao la doria lilipinduka njia ya Masaka. Mwenzake Odyek, aliyeitwa Olal, aliumia vibaya, na msaada ulichukua saa moja na nusu kufika. Muda huo wote Olal alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya Odyek, akisema juu ya chaja ya simu aliyoisahau nyumbani, kwamba mtu aichomoe isije ikaunguza nyumba. Akafa akiwa bado anaisema ile chaja. Tangu hapo, kishindo chochote kikilia mikono ya Odyek inatetemeka mpaka hawezi kufunga kifungo. Bunduki hawezi kuishika. Rafiki mmoja alikuwa anabadilishana naye zamu kwa siri, Odyek anakaa kwenye redio ya kituoni. Wakubwa hawakujua. Na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kozi ya koplo, kozi aliyoingojea miaka tisa.

"Ikijulikana, jina itatoka," Lakica alisema. "Hii maneno mimi nasema kwako tu, Mama Heritier. Hata mama yangu hajui."

Nikamwambia naona umeubeba huu mzigo peke yako kwa muda mrefu. Akalia. Mtu wa miaka minne ya kimya akalia kwenye kiti changu, na mimi nikamshika mabega nikalia pia. Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Lakini ndani yake kulikuwa na furaha, na hiyo ndiyo inayonifanya nishindwe kulala vizuri hadi leo. Nilifurahi kwamba nimeweza.

Kabla hamjanihukumu, au mkishamaliza kunihukumu, sikilizeni na hili. Nilipofika Kampala nilikuwa mtu wa kukaa tu. Mume wangu Jean-Claude alichukuliwa na watu wenye silaha njiani kutoka Uvira na hakurudi, na mimi nilikuwa siwezi kumeza hata uji. Jumapili moja nikasimama mbele ya kanisa zima nikasema yote. Akina mama wakanizunguka, wakaniwekea mikono, wakalia kuliko mimi. Siku ile nilikula ugali. Kwa hiyo nilichojua mimi ni kwamba huzuni ikishikwa na mikono mingi inakuwa nyepesi. Kwangu ilikuwa dawa. Sikujiuliza kama kila tumbo linaipokea dawa hiyo.

Jumatano saa nane mchana huwa tuna maombi ya akina mama. Anayeongoza ni Mama Pasta Mbambu, mwanamke wa moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Akauliza nani ana hitaji. Nikasimama. Nikasema sitataja jina, kuna dada mmoja, mteja wangu, mume wake ni askari polisi. Sikutaja jina, kweli. Nikataja njia ya Masaka, nikamtaja Olal na mapaja, nikaitaja chaja, bunduki, zamu za kubadilishana na kozi. Nilieleza vizuri. Nilipofika kwenye chaja akina mama waliguna kwa uchungu, nami nikapunguza mwendo ili wagune tena.

Mmoja akauliza ni kota zipi, ili tuelekeze maombi. Nikamwambia. Kana kwamba Mungu hakuwa anajua njia.

Tulipomaliza, Mama Pasta alikuwa bado anafuta macho. Akasema, "Bamama, huyu ndugu hatutamuombea mbali. Tutaenda kwake, tumuwekee mikono." Kila mtu akasema amina. Wakanigeukia mimi, maana ndiye niliyeijua nyumba. Niliwahi kumpelekea Lakica mafuta ya nywele mara mbili.

Tukaenda Jumamosi asubuhi, wanawake saba wenye vitambaa vyeupe kichwani, mimi mbele. Tulipokaribia geti la kota, hatua zangu zikawa fupi. Kitu fulani kiliniambia rudi. Nikakikemea kimya kimya nikidhani ni shetani anazuia kazi ya Bwana. Askari wa getini akaona Biblia, akatupisha.

Jumamosi asubuhi kule ni siku ya kufua. Kota nzima ilikuwa nje, mabeseni kila mlango, redio zinalia. Odyek alikuwa mbele ya nyumba yake kwa fulana, amechuchumaa, anafua sare yake. Alitusalimu kwa heshima akidhani tumepotea njia. Mama Pasta akamwambia tumetumwa na Mungu kwa ajili ya shida yake. Kabla hajauliza shida gani, mikono sita ilikuwa kichwani na mabegani mwake.

"Roho ya woga, toka," Mama Pasta alipaza. "Roho ya kifo cha Olal, muachie. Mikono hii ishike bunduki tena katika jina la Yesu."

Redio moja ikazimwa, halafu nyingine. Watu wakasogea. Askari mwenzake alikuwa amesimama na mswaki mdomoni, povu limemkaukia. Mama Pasta akafungua chupa ya mafuta ya upako akammiminia kichwani, mafuta yakashuka puani, yakadondoka kwenye beseni. Odyek hakusimama. Hakumsukuma mtu. Alibaki amechuchumaa, mikono yake ndani ya maji ya sabuni, na mimi niliyekuwa nimesimama mbele yake niliiona ikitetemeka mle ndani. Alikuwa ameificha kwenye povu.

Tulipomaliza alisema, "Asante, bamama." Kwa sauti ya chini, akitazama beseni.

Lakica alitokea upande wa bomba, anatoka Ggaba, na samaki kwenye mfuko mweusi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Rasta zangu zilikuwa kichwani mwake, siku tano tu, bado zinang'aa. Hakumtazama Mama Pasta wala wengine. Alinitazama mimi, na nilitamani ardhi inimeze pamoja na kitambaa changu cheupe. Akapita katikati yetu, akavuta taulo kwenye kamba, akamfuta mumewe mafuta usoni, taratibu, nyuma ya masikio pia. Akamshika mkono wakaingia ndani, akafunga mlango. Sare ilibaki kwenye beseni.

Tukiwa njiani kurudi, akina mama waliimba.

Maji yakimwagika hayazoleki. Juma halikuisha, kota nzima ilikuwa inamwita Afande Mafuta. Watoto walimwigiza mtu anayetetemeka, wakiangukiana na kucheka. Jina likatoka kwenye orodha. Hawakumfukuza, hapana. Walimwonea huruma. Walimpa ufunguo wa stoo, akawa mtu wa kugawa blanketi na buti, na kila aliyekwenda kuchukua buti alimwuliza kwa upole anaendeleaje.

Haya niliyasikia kwa Darlène, kwa sababu Lakica hakuja tena. Darlène naye alikuwepo kwenye yale mafunzo, na yeye alikaa mpaka mwisho wa siku ya tatu. Tukiwa tunachana nywele za kuuza nikamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, mchana ule walifundishwa nini. Akasema Sulaimani alitumia mchana mzima kwa jambo moja. Aliwaambia kwamba neno la mtu ni kama mtoto aliyekuachia umwangalie: utamlisha, utamfunika akisinzia, lakini huwezi kumtembeza mtaani bila kumwuliza mama yake. Darlène akasema wengi waliona ni somo rahisi mno, wakasinzia.

Msinisaidie kwa kusema kwamba sikuwepo darasani. Bibi yangu alikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu kule Bukavu, na tulipokuwa watoto tulimsumbua atuambie aliyoyaona. Alikuwa anatujibu kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, kisha anatutuma maji. Nililijua somo lile kabla sijajua kusoma.

Baada ya mwezi nikapata moyo wa kwenda. Nilinunua sukari, sabuni na mchele, vitu tunavyopeleka kwenye msiba, nikaenda mchana ambapo Odyek yupo kazini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno mazuri ya toba, hata nilikuwa nimeyasema mbele ya kioo cha saluni, Mungu anisamehe. Lakica alinifungulia, akanipa kiti, kwa sababu ni mtu wa adabu. Yeye akabaki amesimama. Nikasema Mama Amito, halafu machozi yakanitoka kwa wingi hata sikuweza kuendelea. Nikalia kwa kwikwi. Nikasema mimi ni mtu mbaya, nikasema sistahili, nikasema silali, sili, najiona kama takataka. Nilisema mengi. Ukiyapima maneno yangu siku ile, hakuna hata moja lililomhusu Odyek.

Lakica aliniacha nilie. Nilipoinua uso nikitegemea sijui nini, labda mkono begani, alikuwa amesimama palepale.

"Wewe nalia," alisema. "Sasa mimi nifanye nini, nikupanguse? Katika hii nyumba iko na mtu moja wa kupangusa. Iko na mtoto anaitwa majina huko shule. Mimi sina mkono ya tatu, Mama Heritier. Enda lia kwako."

Akachukua ule mfuko wa sukari na mchele akaniwekea mkononi, akanifungulia mlango.

Nilitembea mpaka saluni nikikumbatia mchele. Watu walinisalimu, sikuitika. Ningemkasirikia Lakica ningejisikia nafuu, na nilijaribu, maana hasira ziko karibu nami siku zote, lakini sikupata pa kuzishikia. Alikuwa ameniambia ukweli kama mtu anavyokuambia kamba ya kiatu imefunguka. Nilikuwa nimekwenda kwake ili anitue mzigo wangu, yeye aliyekuwa na wake na wa mumewe, na sehemu kubwa ya huo nilimtwisha mimi.

Basi nikaamua nitatubu hadharani. Hilo nalo lilinijia kama jambo zuri, ndivyo nilivyo. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya shuhuda, na Mama Pasta mwenyewe akaniita mbele. Alitaka nieleze jinsi Bwana alivyomgusa yule askari. Hakuwa na habari ya stoo wala ya jina Mafuta. Yeye alikuwa na uhakika kwamba Mungu alishafanya kazi yake. Nikapewa kipaza sauti. Kanisa lilikuwa limejaa, hata wageni kutoka tawi jingine walikuwepo, mabenchi mawili mazima.

Nilikuwa tayari. Ningesema nilisaliti siri, ningepiga magoti, wangelia, wangeniwekea mikono. Nikafungua mdomo. Ndipo nikawaona wale wageni, watu ambao hawajawahi kusikia habari za Odyek, wamenitumbulia macho wakingoja. Ili waielewe dhambi yangu ningelazimika kuwaambia siri ni ipi. Ningeanza tena njia ya Masaka, ningefika kwenye mapaja na chaja, na wangeguna. Mimi ningeshuka pale nimetakaswa na kukumbatiwa. Na mabenchi mawili zaidi yangejua kwamba kuna askari wa Makindye ambaye mikono yake inatetemeka.

Nikasimama na kipaza sauti. Kilikuwa kinakoroma kidogo. Mama Pasta akanitia moyo, sema mama, sema tu. Nikasema, "Sina ushuhuda." Nikamrudishia kipaza sauti, nikashuka kurudi mahali pangu.

Kanisa zima likageuka kunitazama. Kisha minong'ono. Mama Pasta aliokoa hali kwa wimbo, lakini nilipopita, wanawake walivuta vitenge vyao pembeni. Baadaye nilisikia kwamba nimepoa kiroho, kwamba nimeanza wivu, kwamba labda kuna mwanaume. Jumatano sikuulizwa hitaji. Sikujitetea, na kwa mtu wa ulimi kama wangu hiyo ni kazi nzito kuliko kusuka vichwa kumi. Lakini aibu ile ilikuwa yangu peke yangu, na kwa mara ya kwanza sikumpa mtu anishikie.

Wiki kumi tangu ile Jumatatu ya mvua, Lakica aliingia saluni. Nilikuwa natoa kitana kwenye maji ya moto, nikakiangusha. Rasta zilikuwa zimechakaa, mizizi imeota vidole viwili. Darlène akaona hali, akasema anakwenda kununua maji ya kunywa, ilhali maji yalikuwepo.

Lakica aliketi kwenye kiti. Akanitazama kwenye kioo.

"Sikusamehe," alisema. "Nilienda saluni mbili. Kila mtu nauliza, Mafuta nafanya nini, Mafuta nalala. Wewe uko najua tayari. Huna cha kuuliza. Fumua."

Nikafumua. Saa mbili na nusu. Sikumtazama usoni, sikumrudishia neno, sikulitaja lile analolihisi. Nilipotamani kusema pole niliuma ulimi, maana niliijua pole yangu inakokwenda. Mvua ilinyesha ikaacha. Pikipiki ikatoa mlio mkali nje, naye akafumba macho mpaka ilipopita, na mimi nikaendelea na vidole vyangu.

Nilipofika upande wa nyuma, chini ya rasta moja niliona kitu, vidole vyangu vikasimama. Mabega yake yakapanda. Alikuwa anajua nimeona, na alikuwa anangoja nitakalosema. Niliihesabu pumzi yake mara tatu. Kisha nikachukua kitana, nikagawa nywele upande mwingine, nikaanza kumsuka mistari inayopita juu ya pale na kupafunika, midogo midogo, bila kuvuta. Mabega yakashuka.

Alipomaliza kujitazama kwenye kioo alisimama, akasema asante, akatoka. Sijui kama atarudi.

Darlène aliporudi na chupa zake aliniuliza Mama Amito anaendeleaje, nimemwonaje. Nikamwambia nimemsuka mistari. Mama Pasta naye alipita jioni ile, maana habari hutembea, akauliza hivyo hivyo, nikamjibu hivyo hivyo, akaondoka amenuna. Yote niliyowaeleza nyinyi kuhusu Odyek yanajulikana mpaka Ggaba, mimi ndiye niliyeyatangaza. Lakini nilichokiona chini ya ile rasta hakijulikani, na nyinyi pia sitawaambia.